GPS Imepotea, Redio Imenyamaza: Ni Jua au Ni Waya?

Mwezi wa Machi, Ijumaa moja baada ya swala, nahodha wa mashua ya uvuvi alinijia kibandani hapa Malindi na GPS yake kaifunga kwenye ncha ya kikoi. Tukaamkiana. Akasema, "Fundi mwanangu, Jua limeniulia mashine. Vijana pale dikoni wamesoma kwenye simu, ati kuna dhoruba." Nikafungua konekta ya antena. Shaba ilikuwa imeota kijani kama mwani. "Ami," nikamwambia, "hii si dhoruba ya Jua. Hii ni chumvi ya bahari yetu wenyewe." Hakupendezwa. Dhoruba ya Jua ni habari ya kupeleka barazani. Chumvi haina hadithi.

Wiki ile ile akaja kijana wa boti inayopeleka watalii kuvua. Mashine mpya, kebo nzima, konekta kavu. Ila usiku, kuanzia saa moja na nusu hivi, ramani ilimrusha mita kadhaa huku, kadhaa kule, mara ikaandika kwamba haioni setilaiti. Kufika saa tano ikatulia yenyewe. Kijana alikuwa anajilaumu kwamba kauziwa feki. Nilimwambia asitoe hata shilingi. Mashine yake ilikuwa nzima. Kilichougua kilikuwa kilomita 300 na zaidi juu ya kichwa chake.

Sikuwatofautisha wawili hawa kwa mita ya umeme. Niliwauliza saa. Mwongozo huu wote unatembea juu ya swali hilo moja, na nimeuandika kwa ajili ya wavuvi, wapima ardhi, wasikilizaji wa masafa mafupi, na wale ambao kila wakiona picha ya Jua kwenye simu hunipigia kuuliza kama dunia inaisha.

Kabla ya bisibisi, saa

Kila ghasia ya Jua ina saa yake. Mlipuko juu ya uso wa Jua hutoa mwanga na eksirei zinazotufikia kwa dakika 8 na ushei, na hupiga upande wa dunia ulio mchana tu. Chembe za kasi ziitwazo protoni hufuata, baada ya makumi ya dakika au saa kadhaa. Wingu la gesi yenye sumaku, likirushwa, husafiri siku moja hadi nne. Na kuna ghasia nyingine ambayo haingoji mlipuko wowote: huanza Jua likishatua, na sisi watu wa ikweta ndio wenyewe.

Tatizo ni kwamba vituo vyote vinavyotoa habari za Jua huandika saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Watu huhesabu hadi vidole vinaisha. Sisi wenye saa ya Kiswahili tuna njia ya mkato: toa tatu. Ikiandikwa 09:00, toa tatu, ni saa sita mchana. Ikiandikwa 18:00, toa tatu ni 15, ondoa 12, ni saa tatu usiku. Namba ikiwa tatu au chini yake, iongeze 12 kwanza. Na kila kilichoandikwa kati ya 03 na 15 kilitokea Jua likiwa juu yetu. Nje ya hapo sisi tulikuwa gizani, na mlipuko huo uliwapiga wengine.

Masafa mafupi yamenyamaza ghafla, mchana kweupe

Dalili yenyewe iko hivi: stesheni ya mbali ilikuwa inasikika vizuri, kisha ikazama ndani ya dakika chache, na hata ule mkwaruzo wa kawaida ukapungua, redio ikawa kama iliyofunikwa blanketi. Baada ya nusu saa au saa nzima sauti inarudi polepole, masafa ya juu yakitangulia.

Kama ni mchana, na hasa kama ni karibu na adhuhuri, hapa Jua ni mshukiwa wa kweli. Eksirei za mlipuko huchaji hewa ya juu, katika tabaka lililo chini ya lile linalorudisha mawimbi ya redio ardhini. Mawimbi yakipita hapo humezwa. Sisi Jua hutusimamia utosini, kwa hiyo tunamezwa vizuri kuliko watu wa kaskazini.

Mashahidi ni setilaiti za GOES za Marekani, zilizosimama kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Zina chombo kinachopima eksirei za Jua bila kupumzika, na grafu yake hupanda kwa herufi: A, B, C, M, X, kila herufi ikiwa mara 10 ya iliyotangulia. Mlipuko wa M1 huhesabiwa kuwa zimio la redio la daraja la R1, la chini kabisa. X1 ni R3. X20 ni R5, la juu kabisa. Angalia kilele cha mstari, toa tatu, linganisha na saa redio yako ilipozama. Zikilingana, acha bisibisi mahali pake. Panda masafa ya juu zaidi, maana ya chini ndiyo humezwa kwanza na hurudi mwisho, au chemsha chai ungoje.

Mfano mmoja sitausahau. Mlipuko wa X9.3 wa 6 Septemba 2017 ulifika kilele saa 12:02 za UTC. Kwetu ni saa tisa na dakika mbili, alasiri, Jua likiwaka. Upande wa pili wa Atlantiki ilikuwa asubuhi, na kimbunga Irma kilikuwa kinavipiga visiwa vya Karibi siku ile ile. Waendesha redio waliokuwa wakipeana habari za kimbunga kwa masafa mafupi walikatika katikati ya mazungumzo. Bahari na Jua hazikupatana, zilikutana tu.

Sasa geuza dalili. Kama badala ya kunyamaza redio *inavuma*, tafuta nyumbani. Nina mteja aliyeapa kwamba Jua linamharibia redio, kwa kuwa kelele ilianza kila siku saa moja na nusu asubuhi na kukoma saa kumi na moja na nusu jioni. Alikuwa sahihi kwa namna yake. Kontrola ya sola juu ya paa lake ilikuwa inaamka na Jua na kulala na Jua. Nikaihamisha mbali na antena, nikafupisha waya, kelele ikaisha. Taa za bei rahisi na chaja za simu hufanya vilevile, ila hazina ratiba.

Na kama stesheni inafifia kila magharibi na nyingine zinafufuka, hakuna ugonjwa. Masafa ya chini husafiri usiku, ya juu husafiri mchana. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zetu wanunue redio ya kwanza.

GPS inayumba baada ya Isha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo dalili ya pwani yetu hasa, na ndiyo inayosingiziwa vibaya kuliko zote.

Jua mchana kutwa huchaji hewa ya juu, ile inayoitwa ionosfera. Ikweta ya sumaku ya dunia haifuati ikweta ya ramani. Afrika Mashariki hupita Ethiopia. Kutoka pale, hewa yenye chaji hunyanyuliwa juu kama maji ya chemchemi, kisha humwagikia pande mbili, kaskazini na kusini. Malindi iko upande wa kusini wa chemchemi hiyo. Jua likitua, sehemu ya chini ya tabaka hupoteza chaji upesi, ya juu hubaki nzito, na jambo zito likikaa juu ya jepesi halitulii. Mapovu huumuka kutoka chini, mapana kwa makumi ya kilomita, marefu kutoka kaskazini hadi kusini. Ishara ya GPS ikipita katikati yake humetameta kama nyota, au kama taa ya ngalawa nyuma ya mawimbi. Mashine hushindwa kuishika.

Saa yake ni kuanzia baada ya Magharibi hadi karibu na usiku wa manane. Msimu wake ni Machi hadi Aprili, na Septemba hadi Oktoba. Mtu wa bahari atatambua mara moja: ni tangambili, pepo zinapogeuka kati ya kaskazi na kusi. Upepo hauhusiki hata chembe. Sababu ya vyote viwili ni Jua kukaa juu ya ikweta, lakini njia ni mbalimbali. Hata hivyo kwa kumbukumbu inafaa sana. Tangambili, baada ya Isha, usiiamini GPS peke yake karibu na mwamba.

Basi utatofautishaje povu na chumvi? Fungua ukurasa wa mashine unaoonyesha setilaiti na nguvu zake, uutazame dakika kumi.

Setilaiti zote zikiwa dhaifu, mchana na usiku, au zikibadilika unapoitikisa kebo, ni konekta. Ifungue. Kijani cha juu juu unaweza kukisugua kwa mswaki na spiriti, ukausha, ukapaka greisi, ukafunga tepu ya mpira. Kijani kikishaingia ndani ya kebo, usijidanganye na mswaki: kata kidogokidogo hadi uione shaba inayong'aa, ndipo ufunge konekta mpya. Wengi huniletea kebo waliyoisafisha mara tatu.

Setilaiti za upande mmoja zikipanda na kushuka kama pumzi, za upande mwingine zimetulia, na mchana wote zilikuwa nzima, hayo ni mapovu. Dawa hakuna, kuna nafuu tu. Mashine inayosikiliza makundi yote ya setilaiti, za Marekani, Urusi, Ulaya na China, huumia kidogo, kwa kuwa mapovu hayafuniki anga lote kwa pamoja. Mashine ya masafa mawili inayosifiwa na wauzaji haisaidii sana hapa: ishara ikishapotea, imepotea masafa yote mawili. Masafa mawili husaidia kosa lingine, lile la alasiri, saa nane hadi saa kumi, wakati ionosfera imejaa na mashine ya kawaida inakosea mita kadhaa bila kupoteza setilaiti hata moja. Wapima ardhi wanaolalamika kwamba vipimo vya alasiri havishikani na vya asubuhi, wasogeze kituo chao cha msingi karibu na kazi, au waanze kazi mapema.

Swali ninaloulizwa: hizo setilaiti zinazolitazama Jua, mbona hazikutuonya? Kwa sababu povu la usiku wa leo halizaliwi juani. Huzaliwa hapa juu yetu. Vyombo vya Jua hupima mwanga wa urujuanimno unaoichaji ionosfera, kwa hiyo huweza kusema mwaka huu ni mkali au mpole. Mzunguko wa sasa wa ukali na upole wa Jua, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba Jua limeingia kipindi cha kilele. Miaka ya namna hiyo mapovu huwa mengi. Lakini kujua kama usiku wa leo yatatokea au la kunahitaji macho mengine, kama zile setilaiti 6 za COSMIC-2 za Taiwan na Marekani, zilizorushwa Juni 2019, ambazo huzunguka karibu na ikweta na kuisoma ionosfera yenyewe.

Mawili madogo kabla ya kuendelea. GPS iliyokaa kabatini miezi mingi itachelewa kupata mahali, kwa sababu orodha yake ya setilaiti imechakaa, na kuipakua yote upya huchukua dakika 12 na nusu. Iweke nje uende zako. Na mashine ya zamani inayoonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma haijapigwa na Jua. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019.

Dishi la televisheni linaganda saa ileile siku kadhaa mfululizo

Dakika chache tu, mchana, kila siku saa hiyo hiyo, wiki ya tarehe 20 Machi au 20 Septemba hivi. Ni Jua kweli, bila dhoruba yoyote. Limepita nyuma ya setilaiti yako, na dishi linapotazama setilaiti linatazama na Jua. Usimwite mtu kupanda juu ya paa.

VHF, simu, intaneti, M-Pesa

Si Jua. Nasema hivyo upesi ili tusipoteze muda.

Redio ya VHF ya boti husafiri kwa kuonana, antena kwa antena, na haiendi ionosfera. Ikifa, tazama betri, fyuzi, na konekta ile ile ya kijani. Simu hutegemea mnara ulio jirani.

Intaneti ilituchanganya sana mwaka 2024. Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Mei kuamkia Jumamosi dhoruba ya sumaku, ile inayoletwa na mawingu ya Jua, ilifika daraja la G5, la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Mwanga wa ncha za dunia ulionekana hadi Florida na Mexico. Jumapili tarehe 12 intaneti ya Afrika Mashariki ikaanguka. Nani angeamini kwamba hayahusiani? Nilipigiwa simu nikachoka. Lakini kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu siku hiyo upande wa Afrika Kusini. Nyaya hizo hizo za zamani: kitu kimekatika, kikatafutwa, kikaungwa. Saa ingekuambia, kama ungeisikiliza: dhoruba ilifika Ijumaa na intaneti ikaendelea Jumamosi nzima.

Na wapo wanaosema ni zile antena za kituo cha anga za juu cha Ngomeni. Hapana. Kituo cha Ngomeni kilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, kutoka majukwaa ya baharini ya Waitaliano, na Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za anga, iliondoka pale 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ndiyo sababu ya jina lake. Siku hizi antena za huko hupokea data, kwa mfano za setilaiti ya Swift, ambayo huwinda milipuko ya mbali kabisa kupita galaksi yetu. Antena inayopokea haimzimii mtu redio.

Ila Ngomeni ina mchango katika habari hii ambao hausemwi. San Marco 2, iliyorushwa pale Aprili 1967, ilibeba kifaa cha kupima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyoivuta setilaiti. Hiyo ni sehemu ya mambo haya haya. Dhoruba ya sumaku huipasha hewa ya juu moto, hewa huvimba, na setilaiti za chini huburutwa. Mwezi Februari 2022 setilaiti 49 za Starlink zilirushwa siku moja kabla ya dhoruba iliyokuwa ndogo tu, na karibu 40 kati yake zilirudi zikateketea angani. Jambo lililopimwa hapa kwetu zaidi ya nusu karne iliyopita.

Onyo limetolewa, siku imepita, hakuna kilichotokea

Watu hukasirika. Wanasema wataalamu wanabahatisha. Fuata hatua za onyo lenyewe, utaona linapokatikia.

Wingu huonekana kwanza na koronagrafu, kamera inayoziba uso wa Jua kwa kisahani, kama unavyoziba mwanga kwa kiganja ukitafuta mashua upeoni. LASCO, iliyo ndani ya setilaiti ya SOHO, imefanya kazi hiyo tangu katikati ya miaka ya 1990. SOHO ilirushwa 2 Desemba 1995. GOES-19, iliyorushwa Juni 2024, ina koronagrafu yake mpya. Wingu likija kwetu huonekana kama pete inayopanuka kuzunguka Jua lote. Lakini wingu linaloondoka upande wa nyuma nalo huonekana pete ileile. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya onyo la mtandaoni kuwa bure: mtu kaona pete, akasambaza. Aliyepaswa kuulizwa ni setilaiti ya SDO, iliyorushwa Februari 2010, ambayo hupiga picha uso wa Jua kila baada ya sekunde chache. Kama saa hiyo uso wa mbele ulikuwa kimya, wingu limekwenda kwa wengine.

Sababu ya pili ni pembe. Wingu limekuja mbele lakini limetupita ubavuni. Setilaiti ya STEREO-A, inayolitazama Jua kutoka mahali pengine kwenye njia yake, husaidia kuona ubavu huo. Pacha wake, STEREO-B, alipoteza mawasiliano Oktoba 2014, na tangu hapo tunalitazama kwa jicho moja la pembeni.

Sababu ya tatu ndiyo inayonipendeza, kwa kuwa hakuna kamera inayoiona. Wingu hubeba sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kusini, hufungua ya dunia na nguvu huingia. Ikielekea kaskazini, wingu linaweza kuwa kubwa kama nini, litatupita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Mwelekeo huo hupimwa wingu likishafika kwenye vyombo vilivyo umbali wa kilomita milioni 1.5 upande wa Jua: ACE, iliyorushwa 1997, na SWFO-L1 iliyorushwa Septemba 2025. Kwenye grafu tafuta mstari wa Bz. Chini ya sifuri ni kusini. Ukikaa chini sana kwa saa nyingi, jiandae.

Utajiandaa kwa muda gani? Gawanya mwenyewe. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde humaliza umbali huo kwa saa moja hivi. Wa 800, nusu saa. Siku tatu za kungoja kwa kukisia, kisha nusu saa ya kujua. Wavuvi hawashangai: wingu la mvua unaliona tangu asubuhi, lakini kama litakumwagikia wewe unajua harufu ya mchanga ikishafika.

Na likimwagika kweli, hapa pwani usitafute rangi angani. Tazama masafa mafupi kudhoofika kwa siku nzima au mbili, na mapovu ya GPS kupoteza adabu: mara hayatokei kabisa usiku wake, mara yanazuka baada ya usiku wa manane ambapo kwa kawaida yamelala. Hapo ndipo kanuni yangu ya saa inapovunjika, na kuvunjika kwake ndiko dalili.

Picha ya Jua kwenye simu ina maajabu

Jua la kijani, la zambarau, la buluu: rangi zimepakwa na watu. SDO hupiga picha kwa miale ambayo jicho halioni, na kila mwale ukapewa rangi yake ili usichanganywe na mwingine.

Shimo jeusi kubwa juani: korona, taji la Jua, lina sehemu ambazo sumaku imefunguka na gesi inatoka kwa kasi, kwa hiyo panaonekana peusi. Hakuna kilichotoboka. Shimo likiwa katikati ya uso, upepo wake utatufikia baada ya siku mbili tatu hivi, mara nyingi na dhoruba ndogo, na kwa kuwa Jua hutugeukia tena kila siku 27 hivi, weka alama kwenye kalenda.

Picha nyeusi tupu ya SDO: uliza ni mwezi gani wa mwaka. Karibu na Machi na Septemba dunia hupita kati yake na Jua kila siku, kwa wiki tatu hivi, hadi dakika 72 kwa siku. Grafu ya eksirei ya GOES nayo huzama ghafla kwa sababu hiyo hiyo.

Picha imekwama, ni ya jana au juzi: mara nyingi ni programu yako, au seva. Mnamo 26 Novemba 2024 bomba la maji lilipasuka katika Chuo Kikuu cha Stanford na kufurika chumba cha kompyuta zinazotunza picha za SDO. Setilaiti ilikuwa nzima angani. Nilicheka, Mungu anisamehe. Kilomita 36,000 juu hakuna shida, shida ni fundi bomba.

Theluji, picha ya SOHO imejaa vitone vyeupe kama televisheni ya zamani: hii usiipuuze. Ni protoni zinazopiga kamera yenyewe, na maana yake chembe zimeshawasili. Oktoba 2003 zilikuwa nyingi kiasi cha kukilemea hata chombo cha ACE kinachopima upepo wa Jua. Kwa hiyo saa za namna hiyo mstari wa grafu ukiruka ovyo au kukatika, usidhani Jua limetulia. Mpimaji ndiye aliyepofuka. Sisi wa ikweta sumaku ya dunia hutukinga na chembe hizo. Wenye wasiwasi ni marubani wa ncha za dunia na wanaanga.

Kitone king'avu chenye mstari mlalo pande zote mbili ni sayari iliyoizidi kamera mwanga. Kitone chenye mkia kinachokimbilia Jua ni nyotamkia, donge la barafu. SOHO imeshaonyesha zaidi ya 5,000. Si chombo cha wageni. Nimeshalieleza hili mara nyingi kuliko konekta.

Ukiniletea mashine

Iache kebo kama ilivyo, usiisafishe kwanza, nataka kuiona ikiwa chafu. Na njoo na saa: ilianza lini, ikaisha lini, mchana au usiku, setilaiti zote au za upande gani.

Nahodha wa kikoi siku hizi huniletea saa zimeandikwa kwa penseli nyuma ya pakiti ya majani ya chai. Ya mwisho ilisema: saa mbili na robo usiku, setilaiti tatu za upande wa Lamu, zimerudi saa nne. Nilimrudishia mashine yake bila kulegeza skrubu hata moja. Alilipia chai.